Land Rover ya Zamani: Mshale wa Mafuta Unaposema Uongo (Sehemu ya 3)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye betri na chaji. Leo twende kwenye kile kioo kidogo cha dashibodi ambacho wenye Land Rover za zamani wamekwisha kukikatia tamaa: geji ya mafuta.

Nilipokuwa mtoto Sapiwi, msimu wa pamba ukifika, mjomba alikuwa na Land Rover 109 ya kubebea magunia. Kabla ya safari hakutazama geji. Alifungua mlango, akashika nguzo yake, akalitikisa gari mara mbili, kisha akatega sikio asikie mafuta yanavyocheza ndani ya tangi chini ya kiti. Mshale ulionyesha nusu masika na kiangazi. Sikio lake lilimfaa miaka mingi, ila usiku mmoja lilimwangusha, tukalala mbugani juu ya magunia, gari limezama kwenye udongo mweusi na tangi halina hata tone. Tangu usiku ule nimetaka kujua geji inapima nini hasa.

Kwa gari hizi hesabu yenyewe ni kali. Tangi la chini ya kiti hubeba lita 45 hivi, yaani galoni 10 za Kiingereza. Injini ya petroli ya lita 2.25 ikibeba mzigo hupata kilometa 5 au 6 kwa lita. Robo tangi ni kama lita 11. Kutoka Bariadi mjini hadi Lamadi ni kilometa 70 na kidogo. Aliyeondoka na robo ya kweli hafiki, seuze aliyeondoka na robo ya uongo.

Katika Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, mshale wa geji husukumwa na joto. Ndani ya geji kuna ulimi mwembamba wa metali mbili zilizobanwa pamoja, umezungushiwa waya. Umeme ukipita, waya unapata moto, metali moja inatanuka kuliko mwenzake, ulimi unapinda na kuvuta mshale. Ndiyo maana ukiwasha swichi mshale hupanda taratibu, na ndiyo maana hauruki gari likipita kwenye makorongo. Land Rover za miaka ya 1950 zilikuwa na geji ya sumaku, na mshale wake uliyumba kwa kila shimo.

Umeme unaofika kwenye geji hupimwa mara mbili. Ndani ya tangi kuna boya lililofungwa kwenye mkono, na mkono huo husugua waya wa ukinzani. Tangi likiwa tupu ukinzani ni mkubwa, kama omu 240. Likijaa unashuka hadi karibu omu 30. Nyuma ya dashibodi kuna stabilaiza, kikopo kidogo kinachopunguza volti za betri hadi wastani wa 10. Bila hicho, mshale ungepanda kila injini inapoongeza mwendo, kwa sababu chaji nayo inapanda.

Basi anza na swali rahisi: je, geji ya joto la maji nayo inadanganya? Zote mbili hunywa kutoka stabilaiza moja. Zikipotoka pamoja kuelekea juu, mara nyingi stabilaiza imepoteza ethi, yaani muungano wake na bodi ya gari, na inapitisha volti zote 12. Usishangae ukiipima na mita namba zikacheza; ile ya asili hukata na kuunga umeme bila kupumzika, na wastani ndio unaotakiwa. Ikiwa imekufa, fundi redio anaijua dawa yake: kidude cha miguu mitatu chenye namba 7810, kinachotoa volti 10 zilizotulia. Kifungwe kwenye bati kipoe.

Geji ya mafuta ikiwa peke yake mbovu, chomoa waya unaokwenda kwenye tangi. Washa swichi: mshale ulale chini kabisa. Zima, gusisha waya huo kwenye chesisi, kisha washa kwa sekunde chache tu, maana ukichelewa utaunguza geji. Mshale upande hadi juu. Ukitii amri zote mbili, geji na stabilaiza ni nzima na ugonjwa uko tangini.

Hapo usikimbilie boya. Tazama ethi kwanza. Tangi hupata ethi kupitia boliti zake, na matope ya mbuga zetu pamoja na kutu huziba njia hiyo. Ukinzani wa kutu unajumlishwa na wa boya, hivyo mshale unashuka chini ya ukweli. Waya mmoja mpya kutoka tangini hadi chesisi iliyokwanguliwa hadi ing'ae umeponya gari nyingi.

Ukilazimika kufungua tangi, toa betri kwanza, fanya kazi nje kwenye upepo, na moto wa aina yoyote uwe mbali. Boya lililotoboka hujaa petroli na kuzama, mshale ukabaki chini. Na tafadhali usikubali kufungiwa kipimo cha gari lingine kwa sababu tu matundu ya skrubu yamelingana. Vipimo vingi vya Kijerumani vina omu 10 tangi likiwa tupu na 180 likijaa. Ukikifunga kwenye geji ya Kiingereza, mshale utasema limejaa saa ileile gari linapozimika. Kosa hili linaniuma kuliko yote, kwa kuwa mwenye gari amelipa fedha kuuziwa uongo.

Mwisho ni kupima kwa lita. Egesha gari mahali tambarare, maliza mafuta yote, kisha mimina lita 5, washa swichi, subiri dakika moja, andika mshale uliposimama. Endelea lita 5 baada ya 5 hadi tangi lijae. Utagundua hatua hazilingani, kwa kuwa mkono wa boya huzunguka kwa upinde wala haupandi wima. Mimi jedwali langu nimelibandika ndani ya mlango. Mshale ukigusa mstari wa mwisho, gari langu lina lita 6, na robo yake ni lita 14.

Wiki ijayo: geji ya joto la maji.