Buibui Kubwa ya Shimo: Inaishi Namna Gani, Inakula Nini



Wakati wa kufyeka shamba, watoto wetu wanapenda kutafuta mashimo madogo ya udongo. Wanatia kijiti, wanazungusha, na mara inatoka buibui kubwa yenye manyoya, karibu kujaa kiganja. Kwa Kifaransa inaitwa migale. Vijana wengine wanaifunga katika mkebe kwa kuchezea. Hata kule Ulaya watu wanazifuga katika sanduku ya kioo!

«Hii nyama ni ya wachawi?» Hapana, mama. Ni kiumbe cha Mungu, na iko na kazi yake.

Inachimba shimo juu ya kutafuta giza na ubichi, maana jua linaikausha upesi. Inachimba kwa meno yake mawili, inatoa udongo kidogo kidogo, kisha inapaka ndani nyuzi zake. Macho yake ni dhaifu. Usiku inakaa mlangoni, miguu juu ya nyuzi. Mende au nyenze akikanyaga karibu, inasikia mtetemo, inaruka, inamchoma sumu. Haitafuni kama sisi: inamwagia nyama maji ya tumbo lake mpaka inalainika kama supu, halafu inafyonza. Ikishiba inaweza kukaa majuma mengi bila kula. Basi haiwindi mtu.

Ile unayoona usiku ndani ya nyumba, mara nyingi ni dume. Ameacha shimo lake kutafuta jike. Hapana kuikamata kwa mkono. Funika na bakuli, ingiza karatasi ngumu chini, peleka porini. Jike yeye anabaki shimoni miaka mingi, na humo analinda mayai. Akisumbuliwa anainua miguu ya mbele na kuonyesha meno. Hapo ndipo kidole cha mtoto kinaumwa.

Uchungu ni mkali, mahali panavimba, lakini sumu ya hii buibui si ya kuua mtu. Osha kwa maji safi na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, mpe mtoto parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Hapana kukata na wembe, hapana kufunga kamba, hapana kunyonya kwa mdomo. Na jiwe nyeusi? Najua wengi mnalo nyumbani. Halivuti sumu, linavuta damu tu ya pale mlipokata, na kwa kidonda kile cha wembe mdudu wa pepopunda anaweza kuingia. Angalia karatasi ya chanjo ya mtoto kama imekamilika.

Ninaloogopa zaidi ni lingine. Nyoka hajichimbii sana. Anapenda kuingia katika shimo la mwingine. Shimo la buibui lina nyuzi mlangoni, lakini mvua ikinyesha nyuzi zinaharibika, na mtoto hawezi kutofautisha. Kwa hiyo mkono usiingie katika shimo lolote, hata lile alilochokoza jana.

Kama mtoto ameumwa na hakuna aliyeona kitu gani, hesabu kwamba ni nyoka. Asitembee, mbebeni, mguu au mkono ule ukae bila kutikisika, mkaje upesi hospitali. Vilevile kama anapumua kwa shida, anatapika, kope zinalegea, au uvimbe unapanda. Msingoje asubuhi. Mlinzi wa usiku anajua mahali pa kutuita.