Maduka ya vitabu: Oda za shule zimepungua, sasa ni zamu ya msomaji

JANUARI ulikuwa mwezi wa mavuno kwa wenye maduka ya vitabu Tanzania na Kenya. Shule zilipofunguliwa wazazi walipanga foleni wakiwa na orodha mkononi, na mwalimu mkuu alituma oda ya nakala mia kwa mkupuo mmoja. Faida ya wiki hizo chache ilisaidia kulipa pango la miezi iliyofuata. Ndiyo pia iliyompa mwenye duka ujasiri wa kuweka rafu ya riwaya, mashairi na hadithi za watoto, ingawa vitabu hivyo vilikwenda polepole.

Mavuno hayo yamepungua. Serikali za nchi zote mbili zimebadili utaratibu wa kupata vitabu vya kiada, na duka la mtu binafsi limejikuta kando ya njia ambayo kitabu hupita kutoka kiwandani hadi kwenye dawati la mwanafunzi. Swali linalowakabili wafanyabiashara hao sasa ni kama duka linaweza kuishi kwa kumtegemea mtu anayenunua kitabu kwa sababu tu anapenda kusoma.

Hesabu zinaonyesha kuwa linaweza, lakini si kwa kukaa nyuma ya kaunta na kusubiri kengele ya shule.

SOKO LILIVYOPONYOKA

Nchini Tanzania, hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 vitabu vya kiada viliandaliwa na kusambazwa na vyombo vya serikali. Kuanzia mwaka 1991 kazi hiyo ilianza kukabidhiwa kwa wachapishaji binafsi hatua kwa hatua, na wenye maduka wakapata bidhaa yenye mnunuzi wa uhakika. Mwaka 2013, baada ya malalamiko bungeni kuhusu makosa yaliyokuwamo katika vitabu vilivyoidhinishwa, kamati ya kuidhinisha vitabu, EMAC, ilivunjwa na kazi ya kuandaa vitabu vya kiada ikarudishwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania.

Kenya ilifika mahali hapo hapo kwa njia nyingine. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, shule zilipelekewa fedha na kununua vitabu vilivyoidhinishwa katika maduka ya karibu. Kuanzia mwaka 2018 wizara ilianza kununua moja kwa moja kwa wachapishaji, ambao walitakiwa kuvifikisha vitabu shuleni wenyewe. Hoja ya serikali ilikuwa kushusha bei na kuhakikisha kila mwanafunzi ana kitabu chake, nayo si hoja ya kubeza. Hata hivyo, faida iliyokuwa ikibaki kwa muuzaji wa mji mdogo ilitoweka.

Pigo hilo liliwakuta wauzaji wa Kenya wakiwa tayari na mzigo mwingine. Tangu Septemba 2013, sheria mpya ya kodi ya ongezeko la thamani iliweka asilimia 16 juu ya vitabu. Kitabu cha Sh. 1,000 za Kenya kilifika Sh. 1,160 kabla mwenye duka hajaongeza hata senti moja.

Ni kweli kwamba biashara ya shule nayo ilikuwa na hatari zake. Riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora ilikuwa kitabu teule katika shule za sekondari za Kenya, na kwa miaka kadhaa iliuzika kama mkate. Zamu yake ilipokwisha, nafasi ilichukuliwa na Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Katika mabadiliko ya namna hiyo, muuzaji aliyejaza stoo kwa tamaa ya msimu mmoja zaidi hubaki na maboksi ya kitabu kizuri ambacho mwanafunzi hakihitaji tena, na ambacho hakuna mtu mwingine aliyezoeshwa kukisoma.

HESABU ZA DUKA

Bei ya kitabu kwa kawaida hupangwa na mchapishaji. Muuzaji hupewa punguzo, na punguzo hilo ndilo pato lake lote. Chukua mfano wa duka dogo la mjini Dar es Salaam linalouza kitabu kwa wastani wa Sh. 20,000 na kupewa punguzo la asilimia 30. Kila nakala inayouzwa inaliachia duka Sh. 6,000.

Tuseme pango ni Sh. 600,000 kwa mwezi, mishahara ya wauzaji wawili ni Sh. 800,000, na umeme, leseni na usafiri ni Sh. 200,000. Jumla ni Sh. 1,600,000. Ili duka lisile mtaji wake, lazima liuze nakala 267 kila mwezi. Kwa siku 26 za kazi, hizo ni zaidi ya nakala 10 kwa siku, na hapo mwenye duka mwenyewe bado hajapata kitu cha kupeleka nyumbani.

Sasa mteja anaomba apunguziwe. Mwenye duka akikubali kushusha asilimia 10, kitabu kitauzwa Sh. 18,000 na pato kwa kila nakala litashuka hadi Sh. 4,000. Idadi ya kuuza inapanda kutoka 267 hadi 400. Punguzo linaloonekana dogo machoni pa mteja linamtaka muuzaji afanye nusu zaidi ya kazi ili abaki pale pale alipokuwa.

Mzunguko wa mali nao unahitaji kuangaliwa. Duka hilo likiwa na nakala 3,000 zilizonunuliwa kwa Sh. 14,000 kila moja, mtaji uliolala rafuni ni Sh. milioni 42. Kwa mauzo ya nakala 267 kwa mwezi, mali yote inazunguka takriban mara moja tu kwa mwaka. Muuza sukari huzungusha mtaji wake mara nyingi katika muda huo.

Ndiyo maana masharti ya kuchukua mali yana uzito kuliko hata punguzo lenyewe. Kitabu kinachonunuliwa kwa fedha taslimu kisipouzika ni hasara ya muuzaji peke yake. Kinachochukuliwa kwa mali kauli hulipiwa baada ya kuuzwa, na kisipouzika hurudi kwa mchapishaji. Nchini Marekani, utaratibu wa kurudisha vitabu visivyouzwa ulienea wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, maduka yalipokuwa yakiogopa kuagiza. Katika mfano huu, nusu ya mali ikiwa ni ya mali kauli, mtaji wa mwenye duka unashuka hadi Sh. milioni 21. Masharti hayo, hata hivyo, humwendea muuzaji anayelipa kwa wakati na kuweka kumbukumbu safi.

MTEJA HATOKI HEWANI

Nakala 10 kwa siku si nyingi kwa jiji kubwa, lakini haziuziki kwa wapita njia peke yao. Barabarani kuna ushindani wa wauza vitabu vya mtumba wanaopanga mali yao chini, na kuna nakala za wizi zinazochapwa bila idhini ya mwandishi wala mchapishaji. Kwa bei, duka haliwezi kushindana nao. Linachoweza kushindana nacho ni ujuzi wa muuzaji na sababu ya mteja kurudi.

Tofauti huanzia kwa muuzaji. Mama anapoingia na kuuliza hadithi ya mtoto wa miaka minane, muuzaji asiyesoma humwonyesha rafu kwa kidole. Anayesoma humuuliza mtoto anapenda nini, humpa vitabu viwili alivyovisoma mwenyewe na kumwambia kimoja kinachekesha na kingine kina safari ndefu. Mama huyo huondoka na kitabu, na mwezi ujao humrudia muuzaji yule yule kwa jina. Mafunzo ya namna hiyo hayana gharama kubwa: ni kumruhusu mfanyakazi achukue kitabu nyumbani na kukirudisha kikiwa safi.

Kuna maduka yaliyokwenda mbali zaidi. Soma Book Café ya Dar es Salaam ilichagua kuunganisha vitabu, mgahawa na mikutano ya wasomaji mahali pamoja. Kibiashara, chai husaidia kulipia kiti, na kiti humfanya mteja akae na kitabu muda wa kutosha kukipenda. Klabu ya watu 20 wanaosoma kitabu kimoja kila mwezi ni oda ya nakala 20 inayojulikana mapema, na mchapishaji anaweza kuitolea mali kauli bila wasiwasi.

Watoto nao ni mtaji wa miaka ijayo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, uliwahi kufuata utaratibu wa kununua nakala 3,000 kati ya 5,000 za kila kitabu kilichokubaliwa na kuzipeleka shuleni. Nakala 2,000 zilizobaki zilikuwa za mchapishaji kuuza. Mpango huo ulimpunguzia mchapishaji hatari, lakini zile 2,000 bado zilihitaji duka, na duka lilihitaji mzazi mwenye mazoea ya kumnunulia mtoto kitabu kisicho cha mtihani.

Msomaji wa Kiswahili yupo, na mara nyingine husubirishwa mno. Riwaya ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ilitoka mwaka 1994. Mwandishi huyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na tafsiri ya Ida Hadjivayanis, iitwayo Peponi, ilitolewa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam mwaka 2022. Ilichukua miaka 28 kitabu hicho kufika kwa wasomaji wa lugha ya nyumbani kwao kwa bei ya mchapishaji wa nyumbani.

WENGINE WALIVYOFANYA

Uingereza ilipata somo lake la bei katika miaka ya 1990. Tangu mwaka 1900 makubaliano ya wachapishaji yalizuia maduka kuuza chini ya bei iliyopangwa. Makubaliano hayo yalivunjika mwaka 1995 na mahakama ikayakataa rasmi mwaka 1997. Maduka makubwa ya vyakula yakaanza kuuza vitabu vinavyovuma kwa bei ya kutupa, na Amazon ikafuata. Maduka binafsi yaliyo wanachama wa chama cha wauza vitabu yalikuwa 1,894 mwaka 1995. Kufikia mwaka 2016 yalibaki 867.

Baadaye idadi ilipanda tena, hadi 1,072 mwishoni mwa mwaka 2022, kabla ya kushuka kidogo. Yaliyosimama hayakusimama kwa bei. Yalikuwa na wauzaji wanaosoma, mikutano na waandishi na uhusiano na shule za mtaani.

Ufaransa ilichagua sheria. Tangu mwaka 1982 muuzaji haruhusiwi kupunguza zaidi ya asilimia 5 ya bei ya kitabu kipya, na tangu Oktoba 2023 oda za mtandaoni zilizo chini ya euro 35 hutozwa angalau euro 3 za kupelekewa. Kwa hesabu ya duka la Dar es Salaam iliyotangulia, si vigumu kuona kwa nini Wafaransa walilinda asilimia hizo chache.

Lakini wasomaji peke yao hawatoshi pale gharama zinapomshinda mwenye duka. Mwaka 1972 Tanzania Publishing House, kwa kushirikiana na Bogle-L'Ouverture ya London, ilitoa kitabu cha Walter Rodney, How Europe Underdeveloped Africa, kilichoenea duniani kote. Washirika hao wa London, Jessica na Eric Huntley, walianza kuuza vitabu sebuleni mwa nyumba yao, kisha wakafungua duka huko Ealing. Duka hilo lilipewa jina la Rodney baada ya kuuawa kwake mwaka 1980. Lilikuwa na wateja na lilikuwa na heshima, lakini lilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kupanda kwa pango kulichangia.

KWA ANAYETAKA KUINGIA

Mfanyabiashara anayefikiria biashara hii aanze na mkataba wa pango, kwa kuwa ndiyo gharama isiyojali kama mwezi ulikuwa mzuri au mbaya. Barabara ya pili yenye pango nafuu na chumba cha kukalia watu 20 inaweza kufaa kuliko mbele ya barabara kuu.

Aidha, atenganishe hesabu za vitabu vya shule na za vitabu vya kusoma. Mauzo ya shule yaliyobaki, hasa vitabu vya ziada na kamusi, yahesabiwe kuwa ni nyongeza. Duka likilipa pango lake kwa wasomaji wa kawaida, mabadiliko ya sera yatalitikisa lakini hayatalifunga.

Tatu, kila kitabu kiandikwe tarehe kilipoingia. Kilichokaa miezi 12 bila kuulizwa kirudishwe kama ni cha mali kauli, au kiuzwe kwa bei ya kununulia ili fedha irudi kazini.

Wachapishaji nao wana la kufanya. Riwaya ya Kiswahili inayochapwa nakala 2,000 haina mahali pengine pa kuonekana, kushikwa na kufunguliwa isipokuwa dukani. Maduka yakifungwa, mwandishi wa riwaya atageukia vitabu vya mitihani, na msomaji atakayetafuta hadithi kwa Kiswahili atakuta ni zile zile za babu yake. Mali kauli kwa duka dogo lenye kumbukumbu nzuri ni gharama ndogo kuliko hiyo.

Ama mwenye duka mwenyewe, kitabu chake muhimu zaidi si kilichoko rafuni. Ni daftari lenye majina ya wateja mia mbili, na mbele ya kila jina kitabu cha mwisho alichonunua na anachopenda kusoma. Kila mmoja akinunua kitabu kimoja kwa mwezi, katika mfano huu kwa bei kamili, zitabaki nakala 67 za kuwatafutia wapita njia.