Graf von Götzen: Afisa aliyevuka Rwanda na Kivu, kisha akaiandika Maji Maji

Wengi wa wakimbizi wa Nakivale, na jamaa zao walioko Mbarara, wanatoka katika nchi ambazo Luteni Gustav Adolf von Götzen alizipitia mwaka 1894: Rwanda, ufuko wa Ziwa Kivu na misitu ya mashariki mwa Kongo. Nkore yenyewe hakuifikia. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 ulikuwa umeufanya mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta kuwa mpaka, na ardhi ya Nakivale ikabaki upande wa Waingereza.

Götzen alizaliwa mwaka 1866 huko Silesia, katika ukoo wa kikabaila. Ndiyo maana ya neno Graf lililotangulia jina lake. Alisoma sheria kabla ya kuingia jeshi la wapanda farasi. Mwezi Disemba 1893 aliondoka Pangani na msafara mkubwa, na Mei 1894 akaingia Rwanda na kukutana na Mwami Kigeli Rwabugiri. Wakati huo Wazungu walikuwa wamekwisha kuihesabu Rwanda kuwa ya Ujerumani, bila Mwami kuulizwa. Kutoka hapo aliupanda mlima Nyiragongo, akapenya misitu na kufika Matadi mwezi Novemba. Kitabu chake cha safari kilitoka mwaka 1895. Jalada lina jina lake peke yake, ingawa mizigo ilibebwa na mamia ya wapagazi.

Baadaye alikuwa mwambata wa kijeshi mjini Washington, na mwaka 1901 akateuliwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hapo ndipo jina lake lilipopata uzito mwingine. Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, watu waliolazimishwa kulima pamba walianza vita vya Maji Maji. Majeshi ya gavana yalichoma vijiji, mashamba na maghala ya nafaka. Njaa ikawa silaha, nayo iliua wengi kuliko risasi. Makadirio ya vifo huanzia 75,000 na kufikia 300,000.

Götzen aliondoka madarakani mwaka 1906, na mwaka 1909 akachapisha kitabu juu ya vita hivyo. Kina manufaa kwa tarehe na mienendo ya vikosi. Lakini mwandishi ndiye aliyetoa amri, naye anaitetea kazi yake. Alifariki mwaka uliofuata. Upande wa pili ulichelewa kuandikwa: mwaka 1968 ndipo wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda vijijini kunakili masimulizi ya wazee. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea na kuomba msamaha.

Jina la Götzen lilipewa pia meli iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua na kuiita Liemba. Mei 2015, makumi ya maelfu ya Warundi walipokwama Kagunga, kijiji kisichokuwa na barabara, meli hiyo hiyo ndiyo iliyowachukua kwa zamu hadi Kigoma.