Hedi ya injini ya bei nafuu: Vipimo vya kufanya kabla ya kulipa

KWA mpenzi wa mbio za magari anayeishi Umoja, Buruburu au Kayole, gari la kushindania mwishoni mwa wiki aghalabu ndilo lile lile linalompeleka kazini siku ya Jumatatu.

Ndiyo sababu uteuzi wa silinda hedi, kile kichwa cha injini kinachobeba valvu na plagi, si jambo la kufanyiwa pupa. Hedi ikipasuka, mwenye gari hapotezi mbio za Jumamosi pekee, bali pia chombo anachotegemea kutafutia riziki.

Mbio za mstari ulionyooka huwa fupi, mara nyingi robo maili, yaani takriban mita 402. Katika umbali huo, injini hufaidika ikiweza kuvuta hewa nyingi na kutoa moshi kwa haraka. Njia ya hewa na moshi hupitia ndani ya hedi, na ndipo wengi wanaotaka kasi zaidi huanzia hapo.

Mkazi wa Eastlands hana safari ndefu ya kuitafuta. Katika Kirinyaga Road, ambayo wengi bado huiita Grogan, na katika eneo la Kariobangi Light Industries, spea zilizotumika huuzwa karibu na karakana za kuchonga na kulainisha vyuma.

Kwa jumla, mnunuzi ana njia tatu: kukarabati hedi aliyo nayo, kununua iliyotumika kutoka Japani, au kununua mpya iliyoigizwa na kiwanda kingine. Kila mojawapo yaweza kuwa nafuu au ghali, kutegemea hali ya hedi yenyewe na injini itakayofungwa.

Zinafanana kwa macho tu

Mfano ulio wazi ni injini za Toyota za familia ya A, zilizofungwa katika magari ya Corolla na Carina yaliyoingizwa nchini kwa wingi kutoka Japani.

Injini ya 4A-FE na ile ya 4A-GE zote zina silinda za kipenyo cha milimita 81, na pistoni husafiri milimita 77. Ujazo wake ni sentimita 1,587 za ujazo. Tofauti kuu imo katika hedi.

Katika 4A-FE, valvu zimekaribiana na hedi ilibuniwa kwa kuzingatia matumizi madogo ya petroli. Katika 4A-GE, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1983, valvu zimetanuka zaidi na hedi ilikusudiwa kutoa nguvu injini inapozunguka kwa kasi.

Ndugu yao 5A-FE huwapotosha wengi. Pistoni yake husafiri milimita zile zile 77, lakini kipenyo cha silinda ni milimita 78.7. Kwa hivyo, haitoshi muuzaji kusema kwamba hedi ni ya Corolla. Mnunuzi hana budi kujua herufi na nambari za injini yake, kisha apime.

Kuna pia wanaochukua bloku ya 7A-FE, ambayo pistoni zake husafiri milimita 85.5 na ujazo wake ni 1,762, wakaifunga hedi ya 4A-GE. Mchanganyiko huo unajulikana duniani na hutoa nguvu, lakini una masharti yake.

Bloku ya 7A ni ndefu kwenda juu, hivyo mkanda wa kuzungusha kamshafti hauwezi kuchukuliwa bila kupimwa upya. Isitoshe, sura ya vichwa vya pistoni ni lazima iafikiane na pembe ya valvu. Fundi mwangalifu huweka udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, akafunga hedi, akazungusha injini kwa mkono, kisha akapima unene uliobakia. Udongo ukikutwa umekaribia kutoboka, valvu zitagonga pistoni.

Hedi za 4A-GE zenye valvu 20, zilizotoka mwaka wa 1991 na kuboreshwa mwaka wa 1995, huwavutia vijana kwa sababu injini zake zilitangazwa kuwa na nguvu farasi 160 na 165. Lakini hedi hiyo hutegemea mfumo wake wa kuingiza hewa, nyaya na kompyuta. Anayeinunua peke yake kwa bei ndogo hugundua baadaye kwamba amenunua mwanzo wa gharama.

Wenye Subaru wana hesabu yao. Injini ya Subaru yenye silinda nne zilizolala ina hedi mbili. Kila gharama ya kulainisha, gasketi na valvu hujirudia.

Ukaguzi wa dukani

Kipimo cha kwanza ni unyoofu. Rula ya chuma iliyonyooka huwekwa juu ya uso wa hedi, kwa marefu, mapana na mshazari, kisha vibati vyembamba vya kupimia nafasi hupitishwa chini yake. Hedi nyingi za aluminiamu hukubaliwa zikiwa zimepinda kwa sehemu ndogo mno ya milimita. Kikomo kama milimita 0.05 ni cha kawaida. Hedi iliyopinda sana huashiria kwamba injini iliwahi kuchemka.

Cha pili ni nyufa. Hizi hupenda kujificha kati ya makalio ya valvu mbili, au kati ya kalio na tundu la plagi. Macho pekee hayatoshi. Karakana yenye vifaa huweza kuziba njia za maji, ikatia hewa yenye shinikizo na kuitumbukiza hedi katika maji ya moto ili kuona iwapo mapovu yanatoka.

Cha tatu ni njia za maji zenyewe. Injini iliyotiwa maji ya mfereji kwa miaka mingi badala ya dawa ya rejeta huliwa na kutu ya aluminiamu kandokando ya mashimo. Uso ulioliwa hadi mahali gasketi inapokaza hautazuia maji, hata ukifungwa na fundi hodari.

Cha nne ni valvu. Hedi hugeuzwa, mafuta ya taa yakamiminwa katika vyumba vya mwako, na kuachwa kwa muda. Yakivuja kuelekea kwenye milango ya hewa, valvu hazikai sawasawa. Valvu inayocheza upande kwa upande ikiinuliwa kidogo huonyesha kwamba bomba linaloiongoza limelika, na injini itatoa moshi wa samawati.

Kulainisha kuna mpaka

Kulainisha uso wa hedi kwa mashine, au kuskimu kama mafundi wasemavyo, hunyoosha uso na pia huongeza mbano wa hewa. Baadhi ya vijana huomba hedi ikatwe zaidi ili kupata nguvu.

Hesabu yaonyesha faida si kubwa kama inavyodhaniwa. Silinda ya 4A yenye mbano wa 9.5 kwa 1, ikikatwa hedi nusu milimita nzima, haiwezi kupita 10 kwa 1 au karibu na hapo. Aidha, hedi ikishuka, kamshafti husogelea kranki na majira ya valvu huchelewa kidogo, na nafasi baina ya valvu na pistoni hupungua.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kwa takriban moja kwa sita kuliko ya Mombasa, na injini isiyo na taboo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Hali hiyo huifanya injini yenye mbano mkubwa kustahimili zaidi jijini. Gari hilo hilo likishuka pwani, hewa huwa nzito na injini yaweza kuanza kugonga. Anayesafiri na gari lake hana budi kuacha nafasi ya usalama.

Kadhalika, kupanua milango ya hewa kwa kinoo kuna hatari. Mlango mpana kupita kiasi hupunguza mwendo wa hewa, na gari lenye kamshafti ya kawaida hukosa mvuto linapoondoka. Mara nyingi, kuondoa vikwaruzo, kulinganisha milango na gasketi, na kuchonga makalio ya valvu kwa ustadi huleta manufaa zaidi kwa fedha kidogo.

Hesabu kamili

Chukulia, kwa mfano tu, kwamba hedi moja inauzwa Sh12,000 na nyingine Sh20,000. Ya kwanza imepinda, mabomba ya valvu yamelika, na kazi yake itagharimu Sh14,000. Ya pili inahitaji kusagwa valvu na kubadilishiwa sili kwa Sh4,000. Ya bei ya chini itamgharimu mnunuzi Sh26,000, na ya bei ya juu Sh24,000.

Kwa hivyo, bei ya kulinganisha ni ile ya hedi iliyo tayari kufungwa, pamoja na gasketi na bolti mpya panapohitajika. Ni busara kuafikiana na muuzaji kwamba hedi itarudishwa ikipatikana na ufa karakanani, na kuomba risiti. Risiti humlinda pia mnunuzi dhidi ya spea za wizi.

Jambo la kutia moyo ni kwamba katika injini hizi za Toyota nambari hupigwa kwenye bloku. Kubadilisha hedi pekee hakugeuzi nambari iliyosajiliwa, tofauti na kubadilisha injini nzima.

Kazi hiyo yote haina maana ikiwa gari litajaribiwa Outer Ring au Eastern Bypass. Hizo ni barabara za umma zenye watembea kwa miguu, na sheria ya trafiki huadhibu uendeshaji wa hatari. Mbio zina mahali pake katika viwanja vilivyotengwa, kama vile Whistling Morans huko Athi River.

Hedi mpya ikishafungwa, injini iachwe ipate joto na kupoa kabla ya kukazwa mwendo, kisha maji na oili vikaguliwe. Maji yakipungua bila kuonekana yanakovuja, au oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, gari lirudishwe kwa fundi kabla ya kuingia kwenye mbio zozote.