Kosa la mwanao usilifute wewe

Hebu jiulize, mpenzi msomaji: mara ya mwisho ulipotia sahihi kwenye shajara ya mwanao, je, ulikuwa umelitazama daftari lake, au ulitazama tu pale penye nafasi ya sahihi?

Ni saa mbili usiku. Ugali uko jikoni, kitindamimba analia, baba ndio kwanza anashuka kwenye matatu. Mezani, mwanafunzi wa Gredi ya 3 ameinamia daftari huku akijikuna kichwa kwa penseli. Swali ni 402 toa 157. Ameandika 355. Mama anachungulia, anatikisa kichwa, anachukua raba na kufuta, kisha anaandika 245 kwa mwandiko anaojitahidi uwe wa kitoto. Anatia sahihi, na watu wanakwenda kulala.

Kesho yake mwalimu, mwenye rundo la madaftari mbele yake, anatia alama ya vyema. Kwa maoni yake mtoto huyu anajua kutoa. Mama amemdanganya mwalimu, ijapokuwa kwa nia njema kabisa, na atakayelipa ni mtoto, maana kwenye chumba cha mtihani hataandamana na mamake.

Sasa turudi kwa ile 355, kwa sababu ina habari nyingi. Mtoto hakubahatisha. Alianza na mamoja akaona mbili haiwezi kutolewa saba, basi akageuza: saba toa mbili, tano. Kwenye makumi akakuta sufuri na tano, akageuza tena: tano toa sufuri, tano. Mamia hayakumsumbua: nne toa moja, tatu. Hesabu yake ina utaratibu, ila utaratibu wenyewe ndio mbovu. Mwalimu wa madarasa ya chini akiiona 355 hujua papo hapo kwamba mtoto hajaelewa kukopa, na kwamba sufuri iliyokaa katikati imemtisha. Raba ya mama imemnyima mwalimu habari hiyo.

Basi mama huyu angefanya nini? Angetoa pesa mkobani.

Mpe mtoto noti nne za mia na sarafu mbili za shilingi moja, kisha mwambie: "Hizi ni shilingi 402. Nilipe shilingi 157." Atakodoa macho. Ana mamia, lakini hana hata kumi moja, na shilingi zake mbili hazifiki saba. Muulize watu hufanya nini wakikwama namna hiyo dukani. Atakwambia mwenyewe kuwa huomba chenji! Vunja noti moja ya mia, umpe sarafu kumi za shilingi kumi kumi. Bado mamoja hayatoshi, kwa hiyo vunja sarafu moja ya kumi, umpe shilingi kumi. Mwache ahesabu alicho nacho: noti tatu, sarafu tisa za kumi, na shilingi kumi na mbili. Pesa ni zile zile 402. Hakuna iliyoongezwa wala iliyopotea. Sasa alipe. Atatoa noti moja, sarafu tano za kumi na shilingi saba, abakiwe na noti mbili, sarafu nne na shilingi tano. Kama nyumbani hakuna sarafu za kutosha, na usiku wa mwisho wa mwezi mara nyingi hakuna, maharagwe, vijiti na vifuniko vya soda vitafaa vivyo hivyo.

Tazama kwamba hukumpa jibu. Tena hukuhitaji cheti. Mama muuza mboga ambaye hakuvuka darasa la nne huvunja pesa namna hii tangu alfajiri hadi magharibi.

Nasema hivi kwa sababu wazazi wengi hujitenga wakidai kuwa masomo ya siku hizi hawayaelewi. Ni kweli mambo yamebadilika. Sisi tulisoma mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Mtaala wa umilisi uliingia Gredi ya 1 hadi ya 3 mwaka 2019, na mtihani wa KCPE ukafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Lakini hakuna aliyekuomba uwe mwalimu wa pili.

Chukua kusoma. Hata mzazi asiyejua herufi anaweza kumsaidia mwanawe hapa. Mketishe karibu, asome kwa sauti. Anayeelewa anachosoma hupumzika palipo na nukta, na sauti yake hupanda penye swali. Asiyeelewa husoma mfululizo kama anayehesabu nguzo za ua. Akimaliza, mwambie afunge kitabu akusimulie. Kama hadithi ni ya Kiingereza, asimulie kwa Kiswahili, Kikamba, Kiluo au lugha yoyote mnayoitumia nyumbani. Usione haya, Kamati ya Gachathi ilipendekeza tangu mwaka 1976 kwamba watoto wa madarasa ya chini wafunzwe kwa lugha ya eneo lao. Shirika la Uwezo, ambalo lilianza kuwapima watoto majumbani mwao mwaka 2009, liligundua kwamba watoto wengi wa darasa la tatu walishindwa kusoma hadithi ya darasa la pili. Watoto hao walikuwa wakienda shuleni kila siku, na bila shaka shajara zao zilitiwa sahihi.

Kwa upande wa kazi za mikono, mzazi mwenzangu, sina uso wa kumlaumu mtu. Binti yangu aliagizwa atengeneze sanamu ya kutishia ndege. Alianza vizuri kwa fimbo mbili na gunia, lakini kila alipoisimamisha ilianguka. Nilimpokonya. Nilipiga misumari, nikaishonea shati, hata kofia nikaitafutia. Ilirudi na sifa ya "kuzidi matarajio". Jumapili hiyo mjomba wake alimuuliza aliikazaje ile mikono hata ikanyooka vile. Mtoto alinitazama mimi. Afadhali ile yake iliyokuwa ikianguka ingekwenda shuleni.

Kuhusu mahali na wakati sina mengi. Nyumba ikiwa ya chumba kimoja, televisheni na izimwe nusu saa, na mkubwa mmoja aketi karibu hata kama anachambua mchicha. Taa isiwe koroboi la moshi kama mna njia nyingine. Kazi na ifanywe kabla ya chakula, kwani akishashiba macho yatakuwa mazito. Na akiwa amechoka hadi machozi yanamtoka, mwache akalale.

Lakini swali lililomshinda lisifutwe wala lisijazwe. Liache na kosa lake, kisha uandike kwenye shajara maneno machache kwa lugha yoyote unayoiweza: "Mwalimu, swali la tatu limemshinda. Tulijaribu kwa pesa akaelewa, lakini kwenye daftari bado anageuza tarakimu." Tia sahihi yako chini ya maneno hayo.