Herufi Moja Tu

Voi au Wundanyi, ukitaja mbangara, pombe yetu ya kienyeji, hakuna atakayekuuliza jina lake la kemia. Mimi naona tuulize. Mwaka 1892 wanakemia walikutana Geneva wakakubaliana kanuni: mwanzo wa jina uhesabu kaboni, mwisho utaje ukoo. Meth- ni moja, eth- mbili, prop- tatu, but- nne. Ndiyo sababu gesi ya mtungi tunayopikia chai huitwa propani na butani. Mkia -oli ni wa ukoo wa pombe.

Basi kinacholevya ni ethanoli. Ongeza herufi m mbele, upate methanoli, ndugu yake mwenye kaboni moja. Kwa macho ni maji matupu, na ulimi hauwezi kuitofautisha. Lakini ini huigeuza kuwa asidi ya methanoiki, nayo huharibu mishipa ya macho. Novemba 2000, mtaani Mukuru, Nairobi, pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100, wengine wakapofuka. Mwaka 2014 msiba ukarudi katika kaunti kadhaa.

Ajabu, msomaji: hospitalini (si nyumbani!) daktari aweza kumtibu mgonjwa huyo kwa ethanoli. Ini huishughulikia hiyo kwanza, methanoli ikapata kutoka kabla haijageuka sumu.