Jinsi sanamu ya kamanda hupewa sura mpya

KATIKA mchezo wa vita wa Warhammer, uliozinduliwa nchini Uingereza na kampuni ya Games Workshop mnamo 1983, majeshi ya sanamu ndogo hupambana mezani. Askari wengi hufanana kwa kuwa hutoka katika kalibu moja. Ndiyo sababu mchezaji humbadilisha kamanda wake ili atambulike upesi.

Kwanza, mkono au kichwa hukatwa kwa kisu kikali, makali yakielekezwa mbali na vidole. Kipande kipya hujaribiwa kabla ya kubandikwa, kwani gundi ya plastiki huyeyusha kingo na kuziunganisha. Kosa hapo ni vigumu kulirekebisha.

Kisha sanamu hupakwa rangi ya kwanza, inayosaidia zinazofuata kushika. Rangi nzito hufunika macho na mikunjo ya nguo, hivyo huongezwa maji kidogo na kupakwa mara mbili. Rangi nyeusi iliyo nyepesi huachwa iingie kwenye mikunjo ilete kivuli.

Hata hivyo, ubunifu una mipaka. Silaha ya kamanda sharti ionekane wazi, la sivyo mpinzani atapotoshwa kuhusu hatari inayomkabili.